Vénantie na Samaki wa Kisiwa cha Madame

Jambo la kwanza alilonifanyia Vénantie lilikuwa kunikosoa. Nilikuwa napalilia maharage yangu kando ya njia, naye akapita na chombo cha maziwa kichwani, akasimama, akatazama mistari yangu kutoka juu hadi chini, kisha akaniambia kwamba magugu nayatupa mahali pabaya, ng'ombe wake watayafuata na kukanyaga maharage. Salamu hakutoa. Nikamjibu kwamba kama ng'ombe wake hawana adabu, awafunge kamba. Akacheka mpaka akalazimika kutua mzigo, akanimiminia maziwa kwenye kifuniko, akasimama kunitazama nikinywa. Urafiki wetu ulianza hivyo, na mpaka leo sijui siku ile nani alimshinda mwenzake.

Mimi naitwa Constance, mke wa mkulima, mzaliwa wa milima hii iliyo juu ya mji wa Sake, kando ya ziwa. Kwetu ni jembe: maharage, muhogo, na kabichi tangu wazungu walipoanza kuzinunua. Watu wa Vénantie walikuja miaka ya arobaini kutoka ng'ambo ya ziwa pamoja na ng'ombe wao, wakapata malisho kule juu kwenye baridi. Yeye alikuwa msichana bado. Aliolewa hapahapa na Kanamugire, mwanamume mpole ambaye ukimuuliza habari za asubuhi anafikiri kwanza. Maneno yote ambayo Kanamugire hakuyatumia aliyachukua mama yake mzazi, Mama Athanasie, mjane mwembamba mwenye macho ya kuona vumbi kwenye chombo kilichomo nyumbani kwa jirani.

Sijapata kumwona mtu anayejiamini kama Vénantie. Padri akirefusha mahubiri, yeye ndiye anayekohoa. Veterineri wa serikali alipokuja kuwachanja ng'ombe, Vénantie alimwonyesha aanze na yupi, na yule bwana akaanza na huyohuyo. Haikuwa maringo. Aliona tu kwamba yuko sawa, akashangaa watu wengine wanachelewa kuliona jambo hilo. Nilimpenda kwa tabia hiyo, na ilinichosha vilevile.

Lazima nieleze kidogo desturi ya nyumba yao, maana bila hiyo hamtaelewa kisa chenyewe. Kwao mwanamume hukama, lakini maziwa yakishaingia ndani ni ya mwanamke. Ni yeye anayeosha vile vyombo vya mti, anayevifukiza kwa moshi wa majani ili vinukie vizuri, anayetikisa kisabo, kile kibuyu kikubwa cha kutolea siagi, na anayeamua nani anywe, kiasi gani, na kipi kiende sokoni. Mwanamke aliyenyang'anywa vyombo hivyo anakaa nyumbani kwake kama mgeni. Chakula atapewa na mahali pa kulala atapewa, ila hakuna atakayemuuliza lolote.

Na kinachoogopwa kuliko vyote ni samaki. Aliyekula samaki hagusi vyombo vya maziwa, la sivyo ng'ombe watakauka. Mimi samaki ninakula, tena kwa furaha, na Vénantie alijua. Siku ninazonuka samaki alinipa maziwa kwenye kikombe changu cha bati nilichotoka nacho nyumbani, akanyoosha mkono kutoka mbali kana kwamba analisha mbwa mkali. Tulikuwa tunavunjika mbavu sote wawili.

Sasa tuje kwenye kisiwa. Mbele ya Shasha, kile kijiji cha wavuvi kwenye njia ya Minova, kulikuwa na kisiwa kidogo cha mke wa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa. Sisi tulikiita Kisiwa cha Madame. Alikuwa amekigeuza mahali pa kupumzikia: majani yaliyokatwa sawasawa, maua kando ya vijia, meza chini ya miavuli, wavu wa kuchezea mpira, ubao wa kurukia majini, na ufuko wa mchanga mweusi uliookotwa mawe yote. Jumamosi na Jumapili wazungu walikuja kutoka Goma, wengine hata kutoka Bukavu, kuogelea na kutazama mambo ya chini ya maji. Siku hizo mtu mweusi hakanyagi mchanga ule ila awe amebeba sinia. Nilikuwa nachukia jambo hilo na bado nalichukia. Siku nyingine za juma kisiwa kilikuwa mikononi mwa mlinzi wake, Benoît, mzaliwa wa Shasha, na Madame hakuwa na neno juu ya wanaokuja kuoga, mradi vitu vyake vyote viwe vimeoshwa kabla wageni hawajafika.

Huko ndiko yalikokwenda maziwa ya Vénantie na kabichi zangu. Kila juma tuliteremka Sake kwa miguu, tukapanda kamio, lori la mizigo, tukamkabidhi Benoît vitu vyetu pale Shasha ufukoni, tukarudi. Hatukuwahi kuvuka. Kisha, kiangazi kimoja katika miaka ya hamsini, mwanamke mmoja sokoni Shasha akamwambia Vénantie kwamba kule kisiwani maziwa yake yanamiminwa kwenye sufuria zilezile zinazokaangiwa samaki. Njia nzima ya kurudi Vénantie alinusanusa chombo chake kitupu, jambo ambalo lilinitia wasiwasi.

“Constance,” akaniambia tulipofika nyumbani, “wiki ijayo miye navuka. Naenda kuona maziwa yangu iko inalala wapi.”

“Utavuka na nini? Weye unaogopa hata mutaro.”

“Na mutumbwi. Na weye utakuwa nyuma yangu.”

Alivuka kweli. Alikaa katikati ya mtumbwi, ameng'ang'ania kingo mbili, macho ameyafumba, anasali Salamu Maria kwa sauti, na katikati ya kila sala anampa Benoît amri. Apige kasia taratibu. Asiegemee upande. Aache kucheka. Benoît, mwanamume mnene mwenye kaptula ya kaki, alikuwa anatetemesha mtumbwi kwa makusudi, na mimi nilimwonea huruma rafiki yangu, lakini nilicheka.

Alipokanyaga nchi kavu, hofu yote ikamtoka. Akaenda moja kwa moja jikoni, akafunua sufuria, akanusa vijiko, akamhoji mpishi kama jaji. Ikaonekana kwamba maziwa yana sufuria yake, ila inakaa karibu mno na ile ya samaki. Vénantie akaagiza kibao kipigiliwe upande wa pili wa jiko, chombo cha maziwa kikae huko peke yake, na hakutoka mpaka msumari wa mwisho ulipoingia. Mpishi akamwitikia “ndiyo, Mama” kama vile yeye ndiye Madame.

Hapo tungerudi nyumbani na mimi nisingekuwa na kisa cha kusimulia. Lakini Benoît hakuwa amemaliza utani wake.

“Watu ya mulima,” alisema, “maji ikifika ku magoti munaita Bikira Maria. Mumefika huku mupaka ku ziwa, na hamutaona kitu.”

Akafungua sanduku moja, akatoa miwani mikubwa ya mpira yenye kioo kimoja, na mrija uliopinda.

“Hii njo maske. Hii njo tuba. Maske ku macho, tuba mu kinywa, unalala juu ya maji, unapumua, unaona yote.”

“Yote nini?” akauliza Vénantie.

“Samaki. Wazungu wanatoka Goma juu ya kuwaona tu.”

“Wanawakamata?”

“Hapana. Wanawatazama.”

“Siku nzima?”

“Siku nzima. Huyu iko muzuri, huyu iko na rangi gani. Jioni wanakaa ku meza wanaongea ile tu.”

Vénantie akamwangalia kwa mshangao. Namjua, nikaona wazo linaingia. Watu wanaokaa siku nzima wakitazama wanyama ambao hawana nia ya kuwala, kisha jioni wakisifu rangi za wanyama hao: kwa maisha yake yote aliwajua watu wa namna moja tu wanaofanya hivyo, nao ni watu wa nyumbani kwake na ng'ombe wao.

“Kumbe wako na akili,” akasema. “Leta hiyo kitu.”

Nilimkatalia. Nilimkumbusha mama mkwe wake, vyombo vyake, samaki wenyewe. Akanijibu kwamba kutazama si kula, na kama kutazama samaki kungeharibu maziwa, basi yameharibika siku nyingi, kwa sababu mimi najaza kapu la samaki Shasha na kukaa naye kwenye kamio. Akafunga kikwembe chake vizuri kifuani, fundo juu ya fundo, akaingia majini akimshika Benoît mkono, mpaka maji yakamfika kifuani. Benoît akamvalisha maske, akamweleza mrija, akamshika chini ya tumbo kama anavyoshikwa mtoto anayefundishwa kutambaa.

Mara ya kwanza alicheka ndani ya mrija. Usicheke na mrija kinywani. Maji yakaingia, nikasikia anakoroma, akasimama anakohoa, macho yamemtoka, na sote watatu tukabaki tumetazamana, kwa maana hata Benoît alijua desturi zao.

“Umemeza?” nikamuuliza.

“Nimemeza.”

“Tema!”

“Imeshafika, Constance.” Akashika tumbo lake, akasikiliza kama anayengoja likatae. Halikukataa. Ziwa lote lile samaki wanaishi humo, wanakula humo, wanafanya humo kila kitu, na fundo zima la maji yake lilikuwa limo tumboni mwa mtunza maziwa. Nilidhani angelia. Akafikiri kidogo, akarudisha maske usoni. “Kama nimeshalipa,” akasema, “basi nione.”

Na akalala tena juu ya maji. Kuanzia hapo siwezi kuwaambia alichokiona, kwa sababu mimi nilikuwa ufukoni na nilichokiona ni mgongo wake, kikwembe kikielea, na ncha ya mrija ikipumua. Benoît alimwachia tumbo, akabaki anamshika kidole kimoja tu. Walizunguka mwamba, wakaenda mpaka mwisho wa ghuba, wakarudi. Nilimwita. Hakujibu. Nilimwita tena kwa jina la ubatizo na la nyumbani. Nikaanza kutunga maneno ya kumwambia Kanamugire, na nilikuwa nimefika mahali pa kuomba msamaha aliposimama mwenyewe, anatetemeka kwa baridi, alama ya mpira imemzunguka uso mzima, anacheka na machozi yanamtoka.

“Nini? Uliona nini?”

“Nyamaza kwanza,” akaniambia.

Wakati wa kurudi Shasha hakufumba macho. Alitazama maji kando ya mtumbwi njia nzima, na mikono yake ilikuwa magotini.

Sisi tulikuwa na vyombo vitupu vya kubeba na mlima wa kupanda, lakini habari ilipanda bila mzigo, ikatutangulia. Tulipofika Sake wanawake wa soko walikuwa wananong'ona habari zake. Baadaye nilisikia kwamba hata kijiji cha jirani, Mubambiro, walijua. Kila aliyeipokea aliitia chumvi yake: Vénantie amekula samaki mbichi, Vénantie ameogelea na wazungu, Vénantie amezungumza na kambale akajibiwa. Kwa hiyo tulipofika mlangoni pake, Mama Athanasie alikuwa tayari amekaa kizingitini, na nyuma yake niliona kile kijukwaa cha udongo ambapo vyombo vya maziwa hupangwa. Kilikuwa kitupu. Alikuwa amevihamishia vyote chumbani kwake, na kisabo pia.

Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba watu wa nyumba wataketi Jumapili baada ya misa, na mpaka hapo mkewe Kanamugire asiguse kitu. Kanamugire alisimama karibu na ng'ombe, akamtazama mke wake, akatazama chini.

Vénantie akanijia kesho yake asubuhi, akaomba jembe. Mikono haiwezi kukaa bure, alisema. Mungu anisamehe, sijaona mtu anayelima vibaya namna ile. Alikata maharage pamoja na magugu, akanielekeza jinsi ya kushika mpini, na jua lilipopanda akaketi kwenye tuta, akaliweka jembe chini. Hapo nikaona kwamba ameumia. Alinisimulia kwamba asubuhi ile mama mkwe alimpa maziwa kwenye kikombe cha wageni, akanyoosha mkono kutoka mbali. Alinionyesha jinsi mkono ulivyonyooshwa. Hatukucheka.

“Sikiliza,” nikamwambia, “Jumapili watakuuliza jambo moja tu, kama ulimeza. Sema hapana. Waliokuona ni miye na Benoît. Benoît hatapanda huku, na miye nitasema sikuona kitu. Unapata vyombo yako, mambo inaisha.”

“Watanitaka niape.”

“Basi apa.”

“Kwetu tunaapa kwa ng'ombe ya baba, Constance.” Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo kanisani. “Maji ya samaki labda inaharibu maziwa, labda haiharibu, sijue. Lakini kuapa bongo, kusema uongo juu ya ng'ombe, ile inaharibu. Ile najua.”

Niliona hasira. Nilimwambia kwamba kichwa chake ni kigumu kuliko mawe ya lava ya Sake, na kwamba atazeeka akinywea kikombe cha wageni, na asije kulia kwangu. Akasema hatalia kwangu, atalia kwake. Kisha akachukua jembe na kuua maharage mengine.

Jumapili niliitwa kama shahidi. Walikuwapo Mama Athanasie, Kanamugire, na Rukara, baba mdogo wa Kanamugire, mzee mwenye sauti nzito ambaye ng'ombe wa mlima mzima aliwajua kwa jina. Kwa sababu yangu waliongea Kiswahili, ili nisije nikasema baadaye kwamba sikusikia. Vyombo vilikuwa vimeletwa nje, vimewekwa juu ya mkeka mbele ya Mama Athanasie, na kimoja kilikuwa kimejaa maziwa ya asubuhi. Vénantie alikaa upande wa pili wa mkeka, mgongo umenyooka kama vile yeye ndiye aliyewaita.

“Neno iko moja,” alisema Mama Athanasie. “Apa kwa ng'ombe ya baba yako kama ile maji haikupita mu shingo yako. Ukiapa, beba vyombo yako.”

Nilimkazia macho. Nilimwomba kwa macho, kwa nyusi, kwa kila kitu nilichokuwa nacho usoni.

“Siwezi kuapa, Mama,” akasema Vénantie. “Ilipita. Nilimeza.”

Rukara akapiga paja lake. Kanamugire akafunika uso. Mimi nikasema kwa sauti neno ambalo haliandikwi.

“Na nitakuambia yote,” Vénantie akaendelea, “juu ya ulisikia habari ya soko. Samaki sikukula. Mupishi wao nilimuamuru, anaweka maziwa mbali. Njo nikaingia mu maji, nikameza mara moja, na kisha nikabaki. Hakuna mutu alinilazimisha. Nilibaki juu nilipenda.”

“Ulipenda!” Rukara akanguruma. “Sasa uliona nini kule, ya kufanya mutu muzima akose akili?”

Nadhani alitaka kumtukana tu. Lakini alikuwa ameuliza, na Vénantie hakuwa mtu wa kuulizwa kitu akanyamaza.

“Niliona makundi, Papa Rukara.”

“Makundi ya nini?”

“Ya samaki. Lakini wanatembea kama ng'ombe. Moja mbele, wengine nyuma, wanapita njia moja, na yule wa mbele akigeuka, wote wanageuka. Kulikuwa gaju, kabisa gaju, ile rangi ya jani kavu. Kulikuwa bihogo, mwekundu wa giza, na jua ikimupiga anang'aa mu mbavu. Na mumoja alikuwa na mistari, sijaona ng'ombe ya rangi ile, sijue ningemwita nani.”

“Mistari inashuka ao inalala?” akauliza Rukara.

“Inashuka. Mupaka ku tumbo.”

Niliona midomo ya Rukara inajaribu majina.

“Na dume,” Vénantie akasema, “anachimba mahali yake mu muchanga, mviringo, anasafisha na kinywa, na mwingine akikaribia anamufukuza. Na mama mumoja alikuwa na watoto wadogo sana, kama mbegu ya mutama. Nilipeleka mukono. Wote wakaingia mu kinywa yake.”

“Akawakula?” Huyo alikuwa Kanamugire. Nilishtuka kusikia sauti yake.

“Hapana, alifunga kinywa, akawaficha. Nikatoa mukono. Akangoja. Njo akawatema, wote wazima, wakaanza tena kula kando yake.”

Wanaume wawili wale walikuwa wameinama mbele kama wanaosikiliza habari za ng'ombe waliopotea. Mimi nilimtazama Mama Athanasie, kwa maana mambo yote yalikuwa mikononi mwake, na nikaona kwamba hatazami vyombo wala mkwe wake. Alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe.

“Chini kule,” akauliza polepole, “iko giza?”

“Mama?”

“Nakuuliza. Iko giza?”

“Haiko giza, Mama.”

Yule mama akavuta pumzi. Kisha akasema mambo ambayo Kanamugire mwenyewe, mtoto wake, alikuwa hajapata kumsikia akiyataja. Alisema kwamba walipotoka kwao walivuka ziwa kwa boti ya mizigo, watu upande huu na ng'ombe upande ule, na upepo ulikuwa mwingi. Alikuwa na ng'ombe aliyepewa na baba yake siku ya kuolewa, mweupe kabisa, jina lake Gitare. Watoto wake wote walikua kwa maziwa ya Gitare. Katikati ya ziwa kamba ilikatika, Gitare akaanguka.

“Nilimuona anaenda chini,” akasema. “Juu alikuwa mweupe, nilimuona sana. Mweupe, mweupe, anakuwa mudogo. Nilipiga kelele wasimamishe boti. Mwenye boti alisema ni ng'ombe tu.” Akapangusa mdomo. “Kila siku nikiona ile ziwa, naona ile kitu mweupe inashuka. Na weye unatoka kule unacheka.”

Vénantie alikuwa ameshusha mabega, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona hivyo.

“Hukumuona?” akauliza Mama Athanasie. Alikuwa mtu mwenye akili timamu na alijua anachouliza. Aliuliza hata hivyo.

Ilikuwa rahisi sana. Mimi ningesema ndiyo. Mtu yeyote mwenye huruma angesema, ndiyo, Mama, kwa mbali niliona kitu cheupe. Neno moja tu, na vyombo vingerudi, na mama yule angelala usingizi.

“Hapana, Mama,” akasema Vénantie. “Sikumuona.”

“Lakini niliona pahali,” akaongeza, na sauti yake ilikuwa chini. “Jua inafika kule. Inaingia mupaka ku muchanga. Na majani iko, Mama, murefu, kijani kabisa, inalala upande moja pole pole kama ile ya malisho yetu upepo ikipita. Hakuna mutu anaikata. Hakuna mutu anafukuza mutu.”

“Majani iko?”

“Iko.”

“Mingi?”

“Mingi, Mama. Sikuona mwisho yake.”

Machozi yalikuwa yanamteremka Mama Athanasie na hakuyapangusa, wala hakuficha uso. Rukara akaanza kusema jambo fulani, mama yule akanyoosha mkono akamnyamazisha bila kumtazama. Kisha akachukua chombo chake mwenyewe cha kunywea, akapeleka mkono ule juu ya mkeka, mbele kabisa, mpaka vidole vyake vikagusa goti la mkwe wake.

“Nitilie,” akasema.

Vénantie akainua kile chombo kilichojaa. Yeye aliyejiamini mbele ya padri na mbele ya mzungu akamimina kupita kiasi, na maziwa mengine yalimwagika kwenye mkeka. Mama mkwe wake hakumkosoa. Akapokea kwa mikono miwili, akanywa yote.